Muhuri Haukuiharibu Stempu

Stempu ninayoithamini kuliko zote katika albamu yangu ni ya Marekani, ya senti tano, toleo la mwaka 1847. Ina uso wa Benjamin Franklin, na rangi yake ni kahawia inayoelekea wekundu. Upande wa kushoto mkasi wa mtu wa zamani ulipita karibu mno ukala sehemu ya fremu, na juu ya shavu la Franklin ipo mistari miwili ya wino iliyopishana, imechorwa kwa kalamu. Niliipata kwa bei nafuu kwa kuwa muuzaji alikwisha kuihukumu. "Hii mbovu, ndugu yangu," aliniambia. "Imechorwa, halafu imekatwa vibaya. Jipe subira, utapata iliyo safi."

Alinishauri kwa nia njema, na ushauri wake ndio anaopewa kila mtu anayeanza kukusanya stempu za kwanza za Marekani. Stempu yenye maana, huambiwa, ni ile inayoonekana kama imetoka dirishani mwa posta asubuhi hii. Haijapigwa muhuri. Gundi yake yote iko nyuma. Haijawahi kubandikwa hinji, kile kijikaratasi chembamba cha kuishikiza kwenye albamu. Picha imekaa katikati kabisa na pambizo zote nne zinalingana. Kila kinachopungua hapo ni dosari, na kila dosari inakatwa kwenye bei. Siku hizi kuna hata vyeti vinavyoipa stempu alama hadi 100, kama karatasi ya mtihani, na stempu ya kawaida kabisa ikipata alama 98 huuzwa kwa fedha ambayo mtu angeweza kununulia stempu kumi zilizo adimu kweli.

Wenye rai hii si wajinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema kitu cha zamani kilichosalimika bila doa ni adimu kuliko kilichochakaa, kwa hiyo ni haki kiwe ghali. Wanasema pia kwamba mchongaji aliyekaa siku nyingi akichonga uso wa mtu kwenye chuma, mstari mmoja mmoja mwembamba kama unywele, anastahili kazi yake ionekane bila kufunikwa na wino wa karani. Hoja hiyo ya pili inanigusa. Kampuni iliyochapa stempu za 1847, Rawdon, Wright, Hatch & Edson ya New York, ilikuwa ya wachongaji wa noti za benki, na ukiitazama kazi yao chini ya lenzi unaelewa kwa nini benki ziliwaamini.

Hata hivyo naona rai hii ina kosa katika mzizi wake. Inapima stempu kwa kipimo kisicho chake, na kipimo hicho kimeziharibu stempu za kale za Marekani kuliko mvua na mende.

Turudi kwenye kazi ambayo stempu iliundwa kuifanya. Kabla ya 1847 mtu aliyepeleka barua Marekani angeweza kulipia mwenyewe au kumwachia mpokeaji alipe, na wengi walimwachia mpokeaji. Sheria ya 1845 ilirahisisha nauli: senti tano kwa barua isiyozidi nusu wakia ikiwa safari haivuki maili 300, senti kumi ikivuka. Wakuu wa posta wa miji kadhaa, wakiwamo wa New York, St. Louis na Alexandria, wakaanza kuchapisha stempu zao wenyewe ili watu walipe mapema. Kisha Bunge la Marekani likapitisha sheria mwezi Machi 1847, na tarehe 1 Julai zikatoka stempu mbili za taifa zima: Franklin wa senti tano na George Washington wa senti kumi, mweusi. Hazikuwa na vitobo. Karani au mnunuzi alizikata kwa mkasi.

Stempu hiyo ilikuwa stakabadhi. Ilisema kwamba fulani amelipa, na barua hii ipelekwe. Stakabadhi hukamilika pale mpokeaji wa fedha anapoithibitisha, na uthibitisho wake ulikuwa alama ya kuifuta isitumike tena. Posta za miji mikubwa zilikuwa na mihuri ya kufutia. Ya New York ilipiga gridi, mara nyingi kwa wino mwekundu. Ofisi ndogo nyingi hazikuwa nayo, na maelekezo ya idara ya posta yalikuwa wazi: pasipo na muhuri, karani achore msalaba kwa kalamu juu ya kila stempu. Mistari miwili iliyomchukiza yule muuzaji ni msalaba huo. Nikiitazama najua kwamba stempu yangu huenda ilipita mahali padogo, pengine duka lenye pipa la unga upande mmoja na meza ya posta upande wa pili, na kwamba mtu pale alitii agizo lililoandikwa mji mkuu. Ningeelezwaje hayo na stempu safi?

Sasa bei. Wapo watakaonijibu kwamba soko limekwisha kuamua, kwa kuwa stempu ya 1847 isiyotumika inauzwa kwa bei iliyo mara nyingi ya iliyotumika. Ni kweli, na sababu yake iko wazi. Mwaka 1847 karibu hakuna aliyekusanya stempu. Watu walizinunua wazitumie. Tarehe 1 Julai 1851 nauli zilipobadilika, stempu zile mbili zilifutwa kisheria, na zilizobaki mikononi zikarudishwa kubadilishwa kwa fedha. Zilizoponea hapo ni chache. Kwa hiyo mnunuzi analipia uchache. Usafi umefuatana nao tu, kama mtu anayesafiri na tajiri akadhaniwa tajiri.

Ninao mfano unaoonyesha jambo hili kinyumenyume, na nashangaa kwamba hautajwi mara nyingi zaidi. Agosti 1860 ilitolewa stempu ya buluu ya senti 90, Washington akiwa amevaa sare ya jeshi. Senti 90 ilikuwa fedha nyingi. Ilihitajika kwa barua nzito za nchi za mbali tu. Kabla mwaka haujakwisha sawasawa vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, na 1861 serikali ya Washington ikafuta stempu zake zote za zamani ili zile zilizobaki katika posta za majimbo ya Kusini yaliyoasi zisigeuzwe fedha. Stempu ya senti 90 ikafa ikiwa changa. Zilizobaki bila kutumika ni nyingi kuliko zilizowahi kusafiri, na zilizobaki juu ya bahasha zake ni chache mno. Matokeo yake ni kwamba iliyopigwa muhuri wa kweli ni ghali kuliko safi. Waghushi wanalijua hilo vizuri: huchukua stempu safi ya senti 90 wakaigonga muhuri wa uongo ili ipande bei. Kama usafi wenyewe ndio thamani, wangefanya hivyo kwa sababu gani?

Kwa stempu nyingine waghushi hufanya kazi upande wa pili, na hapo ndipo rai ya usafi ilipoleta hasara kubwa. Pale wanunuzi walipotaka pambizo nne kamili, wapo waliobandika pambizo za karatasi nyingine kuzunguka stempu iliyokatwa vibaya. Walipotaka vitobo pande zote, stempu zenye ukingo ulionyooka zikatobolewa upya. Walipotaka gundi, stempu ambazo gundi yake ilikwisha zamani zikapakwa nyingine. Na walipochukia wino wa kalamu, wino ukaoshwa kwa dawa.

Hili lilinipata mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kwa mtu aliyekuwa akisifiwa kwa uaminifu stempu ya senti tatu ya toleo la 1857. Ilikuwa nyekundu hafifu, uso msafi, na nyuma gundi ilikuwa laini na imeenea sawasawa. Nililipa zaidi ya nilivyokusudia. Baada ya muda nikaipeleka kwa mzee mmoja anayezijua stempu hizi kuliko mimi. Hakuutazama uso kwanza. Aliigeuza, akaishika kwa kibano, akapitisha lenzi kwenye ncha za meno ya vitobo. Nyuzi za karatasi pale ziliganda ngumu kwa gundi. Stempu hupakwa gundi kabla ya kutobolewa, kwa hiyo gundi haina njia ya kufika kwenye ncha hizo isipokuwa imepakwa baadaye. Kisha akazima taa ya chumba akawasha taa ya urujuanimno, na usoni mwa Washington ukajitokeza msalaba wa kalamu, hafifu, kama kovu. Stempu ilikuwa imetumika, ikaoshwa, ikapakwa gundi, ikauzwa kama isiyotumika.

Sikuumia kwa fedha peke yake. Yule karani wa posta alikuwa ameacha alama yake ikakaa zaidi ya miaka mia moja, kisha akatokea mtu akaifuta kwa sababu watu kama mimi tulisema hatuitaki.

Gundi yenyewe inastahili neno. Mtu wa karne ya kumi na tisa aliyebandika stempu zake kwenye daftari alizibandika apendavyo, na hakuna aliyemlaumu. Kelele kuhusu hinji zilikuja kushamiri katika karne ya ishirini. Leo stempu ya Marekani ya miaka ya 1850 inayodaiwa haikuwahi kuguswa na hinji inapaswa kukutia wasiwasi kabla haijakutia furaha. Gundi ya zamani hukauka ikavutana, ikapasuka, ikapasua na karatasi. Ujerumani mwaka 1935 ilitolewa shiti ndogo ya maonyesho ya Ostropa mjini Königsberg ambayo gundi yake ilikuwa na asidi ya salfa. Waliong'ang'ania gundi wakaiona karatasi ikiliwa, na waliosalimisha shiti zao ni walioiosha gundi ile. Stempu inasomwa usoni. Sioni kwa nini mgongo wake upewe nusu ya bei.

Na kukaa katikati? Hapa lawama inaangukia stempu kwa jambo ambalo lilikuwa nje ya uwezo wa aliyeichapa. Mabamba ya senti moja na senti tatu yalitengenezwa mwaka 1851 na kuendelea kwa stempu za kukatwa kwa mkasi, na picha zilipangwa karibu karibu kwa sababu hakuna aliyefikiria vitobo. Mwaka 1857 mashine ya kutoboa ikaanza kazi, ikatumika juu ya karatasi zilizochapwa kwa mabamba yaleyale. Nafasi haikuwapo. Vitobo vikakata fremu, vikakata maandishi, na ndivyo zilivyo nyingi za toleo hilo. Mkusanyaji anayeiita stempu ya 1857 mbovu kwa kuwa meno yameila picha anaadhibu ushahidi wa wakati posta ya Marekani ilipohama kutoka mkasi kwenda mashine. Zile zilizokaa katikati zilipata bahati. Bahati inapendeza, nami nikiipata siirudishi, lakini siwezi kuifanya sheria ya kuhukumia nyingine zote.

Wakati watu wakigombania safi chache, maarifa mengi tuliyo nayo juu ya stempu hizi yalitoka kwenye zile walizozidharau. Daktari wa tiba aitwaye Carroll Chase alizipenda stempu za senti tatu za 1851 hadi 1857, zilizokuwa za kawaida kuliko zote kwa sababu ndizo zilizolipia barua ya kawaida ya ndani ya nchi. Kila bamba lilikuwa na stempu 200, mia kushoto na mia kulia. Mistari ya fremu ilichongwa upya kwa mkono juu ya bamba, stempu baada ya stempu, na mkono wa mtu hauchongi mstari mmoja mara mbili. Chase akaelewa kwamba kila stempu kwenye bamba ina tofauti yake ndogo, na kwamba mtu mwenye subira anaweza kuitambua moja moja na kuirudisha mahali pake, mpaka bamba ambalo chuma chake hakionekani tena lijengeke upya kwa karatasi.

Angeifanya kazi hiyo kwa stempu gani? Safi zilikuwa haba, na zilikuwa zimefungiwa makabatini. Alihitaji maelfu kwa maelfu, na hasa zilizobaki zimeungana mbilimbili au tatutatu, kwa sababu jirani ndiye anayekuonyesha nyumba ya jirani yake. Hizo zilitoka kwenye barua zilizotumika, zenye mihuri, zenye kona zilizokunjika. Muhuri wenye tarehe ndio uliosaidia kujua bamba lipi lilianza kutumika lini na rangi ipi ilifuata ipi, kutoka kahawia ya machungwa ya mwaka 1851 hadi nyekundu za baadaye. Kitabu chake kilitoka 1929, na anayechukua leo senti tatu ya dola chache akajua inatoka bamba gani, safu gani, anakula matunda ya miaka yote ile ya kutazama stempu zilizoitwa mbovu.

Nikifika kwenye barua nzima nasema kwa uchungu zaidi, kwa sababu huko hasara haihesabiki. Wakusanyaji wa kwanza walitaka stempu peke yake, iwe safi, ilale vizuri kwenye kiboksi chake cha albamu. Kwa hiyo walikata kona za bahasha, wakaziloweka majini, wakatupa kilichobaki. Jina la mji, tarehe, njia iliyopitia, anwani, wakati mwingine barua yenyewe iliyoandikwa kwenye karatasi ileile, vyote vikaenda na maji.

Zipo zilizoponea chupuchupu. Mwaka 1895 katika jengo la mahakama la Louisville, Kentucky, makaratasi ya zamani yalikuwa yakiondolewa yachomwe. Ndani ya rundo hilo zilikutwa zaidi ya stempu 100 za St. Louis zenye picha ya dubu wawili, zile zilizotolewa na mkuu wa posta wa mji huo kabla ya stempu za taifa. Zilikuwa juu ya barua za biashara ambazo hakuna aliyeziona kuwa na maana tena. Nyingine ni barua ya Novemba 1847 kutoka Alexandria kwenda Richmond, ambayo James Hooff alimpelekea binamu yake Jannett Brown, msichana aliyempenda huku familia haziafiki. Kijana alimwandikia aichome barua kama kawaida. Hakuichoma. Juu yake kuna stempu ya mkuu wa posta wa Alexandria, duara la mapambo madogo kwenye karatasi ya buluu, kazi ya chapa ya kawaida isiyoweza kushindana kwa uzuri na Franklin wangu aliyekatwa. Hiyo ndiyo pekee ya buluu inayojulikana. Mwaka 1981 iliuzwa dola milioni moja, na 2019 ikauzwa tena kwa zaidi ya hapo. Kama mrithi mmoja angeitumbukiza kwenye bakuli la maji apate stempu safi, leo tungekuwa na kipande cha buluu, na wale vijana wawili wasingejulikana na mtu.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika jambo hili. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa Zanzibar tangu zamani za Sayyid Said. Konseli wao wa kwanza, Richard Waters, alifika mwaka 1837, na kile kitambaa chao cha pamba bado tunakiita merekani. Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi kubwa la Sayyid Said, Al-Sultana, lilitia nanga New York, siku moja kabla Uingereza haijaanza kuuza stempu ya kwanza duniani. Barua za watu wa Salem zilisafiri miezi kadhaa kwa meli za biashara kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Zilikunjwa zenyewe bila bahasha, zikafungwa kwa nta, na zilipofika bandarini Marekani posta iliziandika kwa wino nauli ya barua ya meli, senti sita kwa anayezipokea palepale. Hazina stempu hata moja. Zina madoa ya safari na mikunjo iliyochanika. Kwa kipimo cha usafi hazipati hata alama tano katika mia, lakini mtu anayetaka kujua bei ya karafuu, pembe na merekani Zanzibar ya wakati ule atakwenda kwenye barua hizo.

Na anayedhani haya ni maneno ya mtu asiyeweza kununua zilizo ghali, atazame zile zilizo ghali kuliko zote. Katika miaka ya 1860 posta ya Marekani ilikuwa na hofu kwamba watu wanaosha wino wa mihuri na kutumia stempu mara ya pili. Dawa yao ilikuwa kuzikandamiza kwa chuma chenye vimeno vidogo hadi nyuzi za karatasi zikatike, ili wino uingie ndani usioshwe. Serikali yenyewe, kwa makusudi, iliitia stempu majeraha. Wakusanyaji wameyagawa majeraha hayo kwa umbo na ukubwa wakayapa herufi, na ya senti moja ya mwaka 1868 yenye herufi Z zinajulikana mbili tu duniani. Moja iko katika mkusanyo wa Maktaba ya Umma ya New York. Nyingine mwaka 2005 ilibadilishwa kwa kipande cha stempu nne zilizoungana za ile ndege iliyochapwa kichwa chini mwaka 1918, na Juni 2024 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4. Zote mbili zimepigwa muhuri. Jirani yake kwa umaarufu, ile ya senti moja ya Guyana ya Waingereza ya mwaka 1856, imekatwa kona zote nne, ina wino mzito wa muhuri na herufi za karani aliyeitia sahihi, na mwaka 2014 ililipiwa karibu dola milioni 9.5.

Je, nasema kila kilichochakaa ni hazina? La. Stempu iliyochanika, iliyobanduliwa vibaya hadi karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, au iliyozamishwa chini ya wino hata usijue ni ya nani, imepungukiwa, na haifai kuuzwa kana kwamba haikupungukiwa. Franklin wa 1847 aliyechapwa mapema, kabla bamba halijachoka, nywele zake zote zikionekana, ni bora kuliko aliyechapwa mwishoni akiwa kama ameoga moshi. Rangi isiyofifia ni bora kuliko iliyokaa juani. Hayo nayatafuta mimi pia.

Lakini hali nzuri ya stempu ya kale naipima kwa swali moja: je, kuna aliyeichezea? Kama imebaki ilivyotoka mikononi mwa posta, na wino wake, na ukato wake, na rangi yake hata ikiwa imeingia weusi wa hewa, basi iko katika hali nzuri. Kuna watu huzitia dawa zile zilizoingia weusi ili rangi irudi, na wengi huona hakuna ubaya. Mimi naona ubaya upo. Ukishaitia dawa, hakuna tena anayeweza kusema kwa uhakika rangi yake ilikuwa ipi, nawe umewanyima wanaokuja baadaye jibu ambalo karatasi ile ilikuwa nalo.

Kwa anayeanza, na hasa mwenye kipato cha kawaida kama wengi wetu, rai ya zamani inamfungia mlango bila sababu. Anaambiwa asubiri mpaka aweze kununua safi, na hataweza. Wakati huohuo zipo senti tatu za 1851 zenye msalaba wa kalamu kwa bei ya chakula cha mchana, na zipo za 1847 zilizokatwa vibaya ambazo mshahara wa kawaida ukijipanga unazifikia. Nunua hizo. Nunua lenzi nzuri kabla ya kununua stempu ya pili. Ukiletewa iliyo safi mno kwa umri wake, geuza uangalie ncha za vitobo, na kama bei ni kubwa dai cheti cha uhakiki kutoka kwa watu wanaoaminika, kwa mfano Philatelic Foundation ya New York, iliyoanzishwa 1945 kwa ajili ya kazi hiyo.

Na kama kwenu kuna sanduku la barua za zamani, za babu aliyekuwa baharia, za shangazi aliyesoma ng'ambo, za jamaa aliyehamia Marekani akaandika mara mbili akanyamaza, nakuomba usikate kona za bahasha na usiloweke kitu. Zitie kwenye bahasha kubwa ya karatasi isiyo na asidi, zikae mahali pakavu, mbali na jua, na stempu zikae palepale zilipobandikwa.